Upande wa Pili wa Kichanja

Kwa miaka kumi na tisa Bu Kustiyah alitamani kitu kimoja ambacho hakuna jirani yake pale Temanggung aliyekiona kina maana yoyote: jina lake litokee kwenye Kembang Randu. Gazeti la Semarang lilikwisha kumchapisha mara sita, ukurasa wa Jumapili, pembeni ya matangazo ya mbolea, na watu walimpongeza kama wanavyompongeza mtu aliyeshinda sabuni kwenye bahati nasibu. Kembang Randu lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa jarida la kila mwezi la Jakarta, karatasi nzito, kila hadithi na mchoro wake, na mtu akichapishwa humo hata mara moja basi ameshakuwa mwandishi. Akifa kesho yake, amekufa mwandishi.

Alikuwa amewapelekea hadithi thelathini na moja. Jarida halikuwa na desturi ya kujibu. Hata kukukataa hawakukukataa. Walinyamaza tu, na wewe ulinunua toleo la kila mwezi, ukafungua ukurasa wa yaliyomo, ukapitisha kidole kutoka juu hadi chini, ukalifunga. Mumewe, Mas Tarno, fundi saa aliyefanyia kazi zake dirishani sebuleni kwa ajili ya mwanga, alikuwa akimtazama anavyopitisha kidole hicho, kisha anamwuliza swali lile lile.

"Haya, Bu, mwezi huu wamejifunza kusoma hao?"

"Bado wako darasa la kwanza, Mas."

"Waambie waje kwako uwafundishe. Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alifundisha lugha katika shule ya sekondari ya mjini, na mikononi mwake walipita watoto wa wakulima wa tumbaku kwa mamia, wengi wao wakijua vizuri zaidi kupanga majani juu ya vichanja vya kuanikia kuliko kupanga sentensi. Katika mamia hayo alitokea mmoja tu mwenye kipaji, naye ni Prihadi. Kustiyah alimwona akiwa na miaka kumi na tano, akampa vitabu, akamruhusu kutumia mashine yake ya taipu verandani kila Jumamosi, akamsahihishia hadithi hadi mtu huyo akawa na miaka ishirini na sita na hadithi zake zikaanza kutoka huku na huku. Zamani Prihadi alimwita Bu, yaani mama, kama mwanafunzi yeyote. Siku hadithi yake ya kwanza ilipotoka gazetini alianza kumwita Mbak, yaani dada mkubwa. Kustiyah hakumkemea. Kusema kweli alifurahi, maana dada na mdogo wake hukaa mkeka mmoja.

Sasa, waandishi wa nchi ile walikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: hadithi moja, mlango mmoja. Ukishaituma Kembang Randu, hutumi kwingine. Ukichoka kungoja, unaandika barua ya adabu ya kuiondoa, kisha ndipo unabisha mlango wa pili. Aliyebisha milango miwili kwa pamoja jina lake lilizungushwa kutoka meza ya mhariri huyu hadi ya yule, na huo ukawa mwisho wake. Wahariri waliokaa na kazi ya mtu mwaka mzima bila neno ndio waliokuwa wakali zaidi kuhusu jambo hilo.

Mwaka 1994, mwezi Agosti, mji mzima ukinuka tumbaku mbichi, taasisi moja ya vitabu ya Jakarta ilitangaza shindano la hadithi fupi. Mshindi wa kwanza hadithi zake kumi zingechapwa kuwa kitabu. Kitabu kamili, kina mgongo, unaweza kukisimamisha kwenye rafu. Kustiyah alilisoma tangazo mara tatu akiwa amesimama, halafu akakaa.

Hadithi aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu yenye ubavu wa kushindana, nayo iliitwa "Kichanja cha Kumi". Ilimhusu mama mmoja mkulima wa tumbaku ambaye kila msimu anatoa juani vichanja kumi, ingawa majani yake yanatosha vichanja tisa tu. Cha kumi ni kile alichokuwa akikipanga mwanawe, aliyekufa; mama anakitoa kitupu. Majirani wanamcheka, halafu wanaacha kumcheka. Hayo tu ndiyo yaliyomo, lakini Kustiyah alijua kwamba katika yote aliyowahi kuandika hii ndiyo iliyomtoka nzima. Tatizo ni kwamba ilikuwa Kembang Randu, miezi kumi na minne sasa, kimya.

"Iondoe," alisema Tarno bila kuinua jicho kwenye lenzi. "Miezi kumi na minne! Hata farasi angekuwa ameshazaa."

Basi aliipiga upya kwenye taipu, karatasi nne na kaboni tatu katikati. Shindano lilitaka nakala tatu, zenye jina la bandia, na jina la kweli ndani ya bahasha iliyofungwa. Tarehe ya mwisho ilikuwa imekaribia, kwa hiyo alizipeleka posta siku ile ile. Ile ya nne ilibaki nyumbani, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa umefifia kabisa. Kesho yake, saa ya mapumziko, aliupiga upya ukurasa huo katika ofisi ya shule, akiutazama mswada wake wa mkono. Na pale, huku kengele ikikaribia kulia, vidole vikaongeza sentensi moja ambayo haikuwamo kwenye mswada: *Mama akakigeuza kichanja kitupu, ili na upande wa pili upate jua.*

Aliitazama. Alijua hiyo ndiyo hadithi yenyewe, yote. Na nakala tatu zilikuwa ndani ya gari la posta njiani kwenda Jakarta bila sentensi hiyo. Alitaka kulia, akacheka, akaingia darasani.

Kesho kutwa yake alikuwa mlangoni anavaa viatu, barua ya kuiondoa hadithi Kembang Randu ikiwa mkononi, aende akaitume kwa rejista apewe na stakabadhi. Akatokea Prihadi, shati limepigwa pasi, na kopo la biskuti kwapani. Alikuja kuaga. Alikuwa amepata kazi Jakarta, mhariri msaidizi, na wapi? Kembang Randu.

"Nilitaka Mbak awe wa kwanza kujua," alisema, akaubusu mkono wake.

Kustiyah alimkumbatia, jambo ambalo halifanywi. Akamtilia chai, akamsimulia habari za shindano kwa furaha ya mtu anayemsimulia nduguye. "Na wewe umetuma?"

"Mimi? Mbak nawe! Ningeandika saa ngapi, na kuhama huku?" Jicho lake likaiangukia bahasha. "Hiyo ni ya ofisini kwetu?"

"Barua ya kuiondoa hadithi. Nilikuwa nakwenda posta."

"Posta ya nini? Mimi si nakwenda huko huko! Lete nimpe mhariri mkuu mkononi mwake."

Hapo ndipo Kustiyah alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa sehemu zile asingeweza kulikwepa. Moyoni alitaka stakabadhi yake ya rejista. Lakini mtu amejitolea kukubebea barua, amekunyooshea mkono, na wewe useme hapana, afadhali posta? Hilo ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Kila mtu pale alikuwa akimtuma msafiri kitu: barua, dawa, kuku mzima. Kukataa kungemwaibisha Prihadi, na kungemwaibisha Kustiyah zaidi kwa kumwaibisha. Akampa barua. Na ili asionekane amesita, akampa na nakala ya nne.

"Isome kwenye treni. Uniambie bila kunionea haya."

"Lini nilikuonea haya, Mbak?"

Alipoondoka, Tarno aliiweka bisibisi chini. "Ungeituma kwa rejista."

"Ningesemaje, Mas?"

"Ungesema, nataka kutembea kidogo."

"Ungesema wewe."

"Mimi ni fundi saa. Mimi sina aibu."

Mwanzoni mwa Novemba barua ilikuja. Majaji walikuwa wamekubaliana wote: "Kichanja cha Kumi", nafasi ya kwanza. Sherehe Jakarta, wiki ya mwisho ya Desemba. Kustiyah aliisoma akiwa jikoni, akaacha tempe ya soya kikaangoni ikaungua hadi moshi ukamtoa Tarno dirishani. Tarno aliisoma naye, akaikunja vizuri, akaingia chumbani. Alitoka amevaa batiki yake ya harusi za watu.

"Unakwenda wapi?"

"Sokoni."

"Kununua nini?"

"Sinunui. Nakwenda kutembea tu, waniulize kwa nini nimevaa hivi."

Orodha ya washindi ilipotoka gazetini, Kustiyah aliona kwamba nafasi ya pili ilikuwa ya Prihadi. Alishangaa kidogo, maana mtu huyu alisema hakutuma. Halafu akajiambia kwamba kijana alificha kwa kuhofia kushindwa, na ni nani asiyejua hofu hiyo? Alimwandikia barua ya pongezi. Alimwandikia kwamba katika mji mzima wa Temanggung hakuna veranda nyingine iliyotoa wa kwanza na wa pili. Alikuwa na furaha kiasi hicho, maskini.

Siku ya tano ya Desemba posta ilileta bahasha ya kahawia, ndani yake Kembang Randu jipya. Hakuwa amelinunua, lilitumwa na ofisi, na juu yake kikaratasi kwa mwandiko wa Prihadi: *Zawadi ndogo kutoka kwa mdogo wako. Hatimaye, Mbak!* Kustiyah alifungua ukurasa wa yaliyomo, akapitisha kidole kutoka juu, na kidole kikasimama. Jina lake lilikuwa la tatu. Alipiga ukelele ambao jirani alidhani ni wa msiba.

Tarno alikuja mbio. Akamwona mkewe ameketi sakafuni na jarida kifuani, anatikisa kichwa, anacheka na kulia kwa pamoja. Miaka kumi na tisa. Akaketi naye sakafuni, akamshika bega, akamwacha alie. Kisha akauliza, kwa sababu hakujua aulize nini kingine.

"Ni hadithi gani?"

Kustiyah alimgeuzia jarida alisome mwenyewe: "Kichanja cha Kumi".

Sheria ya nne ya shindano ilisema hadithi isiwe imechapwa popote kabla ya siku ya sherehe. Barua ya taasisi ilichukua siku nane kufika. Ilikuwa ya adabu, fupi, baridi. Walisikitika. Majaji walikuwa wameipenda sana kazi yake. Walishangaa kwamba mwandishi wa umri wake, tena mwalimu, alibisha milango miwili. Nafasi ya kwanza inakwenda kwa aliyekuwa wa pili.

Alikwenda kwenye kibanda cha simu karibu na soko akampigia Prihadi. Sauti ilikuwa ile ile ya Jumamosi za taipu.

"Astaghfirullah, Mbak! Mimi mwenyewe sijalala. Barua niliiweka kwenye meza ya katibu siku ile ile nilipofika. Sasa huyo katibu, Mbak, ungeiona meza yake! Mhariri mkuu alipekua lile rundo la zamani, akaiona hadithi, akaipenda. Mimi nilipoambiwa nikafurahi tu kama mjinga. Nikasema, Mbak wangu ametoka! Sikukumbuka shindano hata kidogo."

"Na wewe umekuwa wa kwanza sasa."

"Usiseme hivyo, Mbak. Naona haya hata kupokea. Nikatae?"

Alisema usikatae, Dik, mdogo wangu. Alisema ni riziki yako. Akalipa, akatoka nje kwenye baridi ya mlima Sumbing, akaona kwamba amemfariji aliyetakiwa kumfariji.

Kwa siku chache hakulifungua jarida. Lilikaa juu ya kabati, uso chini. Habari zilishasambaa. Katika kikundi chao cha waandishi, kilichokutana Jumapili kwenye ukumbi wa mtaa, mazungumzo yalikatika alipoingia. Mwenyekiti wao, Pak Mulyoto, mzee wa mashairi ambaye hakuwahi kuondoka Temanggung ila kwenda hospitali, alimwita pembeni.

"Kus, ungeniuliza mimi. Tamaa haifai katika kazi hii."

"Niliandika barua ya kuiondoa, Pak. Nilimpa Dik Pri."

"Wote tunaandika barua, Kus," alisema mzee kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko tusi. Nyuma yao mtu alisema kwa sauti ya chini, si ya chini sana, "Mbak Milango Miwili," na wengine wakakohoa kuficha kicheko.

Aliporudi alilishusha jarida. Alitaka angalau auone mchoro wake, kwa kuwa ndio aliobakiwa nao. Mchoro ulikuwa mzuri: mama amesimama, vichanja vimelala juani mpaka ukingoni mwa ukurasa. Akasoma hadithi yake mwenyewe kama anayesoma ya mtu mwingine, taratibu, mpaka ukurasa wa mwisho. *Mama akakigeuza kichanja kitupu, ili na upande wa pili upate jua.*

Alisoma tena. Halafu akaenda kwenye sanduku lake, akatoa mswada wa mkono, akautazama kwenye mwanga wa dirisha la Tarno. Sentensi haikuwamo. Haikuwamo kwenye nakala aliyoituma Kembang Randu miezi kumi na minne kabla ya shindano, kwa sababu wakati huo ilikuwa haijazaliwa. Haikuwamo kwenye zile tatu za majaji. Katika dunia hii ilikuwa kwenye karatasi moja tu, na karatasi hiyo aliipiga ofisini saa ya mapumziko, akampa mtu mmoja akaisome kwenye treni.

"Mas," alisema. "Hawakuipata kwenye rundo."

Alimweleza. Tarno alivua lenzi jichoni, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa mtu wa kutafuta gurudumu lililoharibika, na hili alikuwa ameliona.

"Barua hakuipeleka," alisema. "Aliitia mfukoni. Halafu alipoona wewe wa kwanza, yeye wa pili, akakuchapisha."

"Akanichapisha," alisema Kustiyah.

"Mbwa yule. Angekuibia ingekuwa afadhali. Ungepiga kelele mwizi, na watu wangekuja." Akasimama. "Waandikie Jakarta. Waambie hiyo sentensi."

"Ushahidi uko wapi? Karatasi anayo yeye. Mimi nina mswada usio na sentensi hiyo. Nitawaambia nini, kwamba najua kwa sababu ninajua?"

Hata hivyo aliandika. Aliandika kurasa mbili, akazituma kwa rejista safari hii, na stakabadhi akaibandika ukutani kwa gundi, sijui kwa kumwonyesha nani. Jibu lilikuja kabla ya sherehe: ofisi ya Kembang Randu imethibitisha kwamba hadithi ilipokelewa kwa njia ya posta mwaka uliopita, wala hakuna barua yoyote ya kuiondoa katika kumbukumbu zao, na taasisi inamwomba Bu Kustiyah asiwahusishe watu wengine katika kosa lake. Uthibitisho huo, kwa niaba ya ofisi, ulikuwa na saini ya mhariri msaidizi.

Sherehe ilifanyika Jakarta bila yeye. Mwezi Januari Prihadi alirudi nyumbani, na kikundi kikaamua kumfanyia karamu ya shukrani kwenye ukumbi wa mtaa. Wake wa wanachama walipika tangu alfajiri: wali wa manjano umefinyangwa kuwa mlima mrefu, kuku, mayai, pilipili nyekundu zimechongwa kama maua na kuchomekwa kileleni. Kustiyah alialikwa kwa kadi.

"Usiende," alisema Tarno.

"Nisipokwenda nitakuwa nimethibitisha yote wanayoyasema. Mbak Kus ana kijicho, ndiyo maana hakuja."

"Na ukienda?"

"Nitakula wali."

Tarno hakucheka. Alimpigia pasi yeye mwenyewe kebaya, blauzi yake ya sherehe, kwa mikono ile ya kushika vyuma vidogo, akamsindikiza mpaka kwenye geti la ukumbi, akakataa kuingia.

Ndani, hotuba zilikuwa ndefu. Pak Mulyoto alisema mji wetu sasa una jina. Prihadi alisimama, batiki mpya, sauti imeshachukua kidogo ya Jakarta, akasema yeye si chochote, yeye ni matone ya jasho la wengine. Kisha ukafika wakati wa kuukata mlima wa wali. Desturi ni kwamba mwenye sherehe anakikata kilele kwa mkono wake na kumpa mtu anayemheshimu kuliko wote waliopo, naye anakipokea mbele ya watu, na kwa kukipokea anambariki. Kila mtu alidhani ni Pak Mulyoto. Mzee mwenyewe alikwisha kujiweka sawa kofia.

Prihadi alikata, akaweka kilele kwenye sahani pamoja na ua la pilipili, akampita mwenyekiti, akasimama mbele ya Kustiyah.

"Mtu huyu," aliuambia ukumbi, "ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Watu husema mengi. Mimi sitasahau. Bu, naomba baraka zako."

Bu, si Mbak. Ukumbi ukapiga makofi. Wanawake wawili walifuta macho. Uungwana gani huu, walinong'ona, baada ya alichokifanya yule mama! Kustiyah aliona kwamba kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri kama hadithi aliyoisahihisha yeye mwenyewe. Akikataa sahani, yeye ndiye mchawi. Akiipokea, amemsamehe mtu ambaye hakuomba msamaha. Mpiga picha aliyekuja naye kutoka Jakarta akapiga goti.

Aliipokea, kwa mikono miwili. Prihadi alipoinama kuubusu mkono wake, sikio lake lilikuwa karibu kabisa na mdomo wa Kustiyah, na Kustiyah akasema polepole, bila kutikisa midomo, kama wanavyosema wanafunzi wakati wa mtihani.

"Dik Pri. Sentensi ya kukigeuza kichanja. Niliiandika kwenye nakala yako tu."

Alingoja aone uso wake ukibadilika. Kwa wiki nne alikuwa akilingojea jambo hilo, kitu pekee alichobakiwa nacho: amwone akijua kwamba anajulikana. Prihadi hakubadilika. Alibaki ameinama, bado ameushika mkono wake, na alipojibu alimwita kwa jina la zamani la mkeka mmoja.

"Najua, Mbak. Nilitoka machozi kwenye treni. Nimesoma hadithi zote za shindano lile, na yangu ikiwamo. Hakuna sentensi inayoifikia. Ningeiacha vipi ikose kutoka?"

Hakuwa anamdhihaki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema kama mwandishi anavyomwambia mwandishi mwenzake, kwa wivu safi na heshima. Katika miaka kumi na tisa ya kimya, katika hadithi thelathini na moja na stempu zake zote, hakuna mtu aliyejua kusoma aliyewahi kumwambia Kustiyah kwamba sentensi yake ni nzuri. Na moyo wake, moyo huu mjinga aliokuwa ameulisha kimya muda wote huo, uliruka kwa furaha kabla haujakumbuka ni nani anayesema. Alijichukia papo hapo. Alimchukia na yeye, lakini kwa kuchelewa, na picha ilikuwa imeshapigwa.

Ilitoka kwenye Kembang Randu la Februari, ukurasa wa habari. Prihadi amesimama na kisu, nywele zimechanwa. Kando yake mwanamke wa makamo ameishika sahani, meno yote nje, amefurahi kama mama anayemwoza mwanawe. Chini wameandika: *Mshindi wa kwanza pamoja na mwalimu wake wa zamani*. Jina la mwalimu hawakuliandika.

Tarno aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu dirishani, akaitazama na kwa lenzi.

"Ulikuwa unafurahia nini, Bu?" aliuliza.

Kustiyah alilichukua jarida mkononi mwake. Akafungua ukurasa wa yaliyomo, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akalifunga.